Uzi na Sindano Hufungua Mlango Ugenini

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee wetu, nao walimaanisha kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa nyumba nzima. Lakini safari nyingi za siku hizi hazimponyi mtu yeyote. Mgeni hushuka kwenye ndege, hupelekwa hotelini, hupiga picha, hununua kinyago kimoja au viwili, kisha hurudi kwao. Akiulizwa habari za watu aliowatembelea, yeye hueleza habari za majengo, chakula na hali ya hewa. Watu wenyewe hakuwafahamu.

Wala si watalii tu walio na shida hiyo. Mfikirie mama aliyemfuata mumewe masomoni Ulaya. Mchana kutwa yumo ndani ya chumba kimoja ghorofani, theluji inaanguka nje, na jirani wakikutana naye kwenye ngazi hutikisa kichwa tu na kupita. Mfikirie pia bibi aliyepanda ndege kwenda Marekani kumsaidia binti yake aliyejifungua. Mtoto akilala, na wazazi wakiwa kazini, bibi hana mtu wa kuzungumza naye tangu asubuhi hadi jioni. Upweke wa namna hiyo umewaumiza akina mama wengi, na wengine wamerudi nyumbani kabla ya wakati wao.

Je, kuna njia ambayo mama anaweza kuwafikia wenyeji hata kama hajui lugha yao vizuri? Wanawake wanaopenda kazi za mikono, hasa kufuma, wana jibu lao. Wao husafiri na uzi na sindano ndani ya mkoba, nao wamegundua kwamba mahali pengi duniani kitu hicho kidogo huwapatia kiti cha kukalia, kikombe cha chai na rafiki.

Mikono Ina Lugha Yake

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba kazi yenyewe inafanana kila mahali. Sweta iliyofumwa kwa sindano mbili, hata ikiwa na maua na misalaba na mistari ya kila namna, imejengwa kwa mafundo mawili tu: fundo la mbele na fundo la nyuma. Mama wa Norway hutumia hayo hayo, mama wa Uturuki hayo hayo, na mama wa Njombe anayewafumia wanawe sweta za kuzuia baridi hutumia hayo hayo. Kwa hiyo mfumaji akiona kazi ya mwenzake, anaweza kuisoma kama barua. Huona mahali alipoongeza vitanzi, alipopunguza, na hata alipokosea akapita.

Tofauti iko katika namna ya kushika uzi. Waingereza wengi huushika kwa mkono wa kulia. Wajerumani huushika kwa mkono wa kushoto. Nchini Ureno, na katika milima ya Peru, uzi hupitishwa nyuma ya shingo ya mfumaji ili usilegee. Basi wanawake wawili wakikaa pamoja, kila mmoja hushangaa jinsi mwenzake anavyofanya. Mmoja humwonyesha mwingine, wanajaribu, wanashindwa, wanacheka. Hapo urafiki umekwisha kuanza, na bado hawajaambiana majina.

Kwa wale wanaofuma kwa kroshia, yaani ile sindano moja yenye ncha iliyopinda, kuna jambo la kupendeza zaidi. Vitabu vingi vya kroshia, hasa vya Japani, havieleweshi kwa maneno bali kwa michoro. Kila fundo lina alama yake, na alama hizo hueleweka katika nchi nyingi. Mama asiyejua neno hata moja la Kijapani anaweza kufungua kitabu cha Kijapani na kufuma kitambaa cha meza mpaka mwisho. Na ajabu ni kwamba Waingereza na Wamarekani, wanaozungumza lugha moja, hawaelewani katika majina ya mafundo: jina lile lile humaanisha fundo hili Uingereza na fundo jingine Marekani. Mchoro ukiwekwa mezani, ubishi huisha.

Sababu ya pili ni kwamba kazi ya mikono humpa mgeni haki ya kukaa. Mtu anayesimama barazani kwa watu mikono mitupu, hukosa raha yeye na kuwakosesha raha wenyeji. Wote hujiuliza anataka nini. Lakini mtu anayefuma ana shughuli yake. Anaweza kukaa saa nzima bila kusema mengi, na kimya hicho hakimchoshi mtu, kwa kuwa macho yote yako kwenye kazi. Watoto husogea kwanza, kisha mama zao, na baadaye bibi wa nyumba hutoka na kazi yake mwenyewe.

Visiwa vya Wafumaji

Hebu tutazame mahali ambapo jambo hilo limekuwa sehemu ya maisha ya watu. Kaskazini kabisa mwa Uskoti, katikati ya bahari, kuna visiwa viitwavyo Shetland. Visiwa vyote ni kama 100, lakini vinavyokaliwa na watu ni 16 hivi, na wakazi wake wote hawafiki 25,000. Upepo huvuma mwaka mzima na miti ni michache mno. Katikati ya Desemba mwanga wa mchana hauchukui hata saa 6, na katikati ya Juni usiku hauwi giza kabisa.

Shetland wana kondoo wadogo wenye sufu laini sana. Hapo zamani sufu hiyo haikukatwa kwa mkasi, bali ilinyonyolewa kwa mkono mwanzoni mwa kiangazi, wakati inapoachia yenyewe. Wanawake waliisokota na kuifuma. Kutoka kisiwa cha Unst zilitoka shela nyembamba kama utando wa buibui, ambazo shela nzima huweza kupenyezwa katika pete ya ndoa. Kutoka kisiwa cha Fair Isle ulitoka mtindo wa kufuma kwa rangi nyingi uliojulikana duniani kote baada ya mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa 8, kuonekana amevaa sweta ya namna hiyo miaka ya 1920.

Lakini tusidhani kwamba kwa wanawake wale kufuma kulikuwa mchezo. Picha za zamani zinawaonyesha wakitembea njia ya vilima na kikapu kikubwa mgongoni, kimejaa mboji iliyokaushwa, ambayo ndiyo iliyokuwa kuni zao kwa kuwa hawakuwa na misitu. Na huku wakitembea na mzigo ule, mikono yao inafuma. Kiunoni walivaa mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja ilichomekwa katika tundu, ikashikiliwa na mkanda, na mama akaweza kufuma akiwa njiani. Mama yeyote aliyekulia Ukambani au katika nchi ya Wakikuyu akiona picha hizo atasema, "Huyu ni bibi yangu!" Maana huko nako akina mama wametembea na mzigo mgongoni, ukanda kichwani, na mikono ikisuka kiondo.

Malipo ya wanawake wa Shetland yalikuwa ya kuhuzunisha. Karne ya 19, mfanyabiashara alipochukua shela hakutoa fedha. Alitoa bidhaa za dukani kwake, mara nyingi chai na vitambaa, kwa bei aliyoipanga yeye. Mama aliyehitaji unga wa kuwalisha watoto alipewa chai, ikambidi aende kwa jirani kuibadilisha ile chai apate unga. Malalamiko yalizidi hata serikali ya Uingereza ikaunda tume, na mwaka 1872 taarifa ya tume hiyo ilichapishwa ikiwa na maneno ya wanawake wenyewe waliohojiwa. Miaka mia moja baadaye, mafuta yalipogunduliwa baharini na kituo kikubwa cha mafuta kikajengwa huko Sullom Voe miaka ya 1970, wanawake wengi waliacha sindano wakaenda kwenye kazi zenye mshahara. Nani awezaye kuwalaumu?

Kofia Inayotambulisha

Leo habari imegeuka. Tangu mwaka 2010, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, hufanyika huko tamasha liitwalo Shetland Wool Week, yaani juma la sufu. Wageni hutoka nchi nyingi, nao si matajiri watupu. Ni walimu, wauguzi, wastaafu, akina mama wa nyumbani waliojiwekea akiba. Ukiacha wakati wa janga la korona, wamekuwa wakifika kila mwaka.

Waandaaji walibuni jambo moja la busara. Miezi kadhaa kabla ya tamasha, fundi wa huko hutoa kielelezo cha kofia. Yeyote anayetaka kwenda, au hata asiyeweza kwenda, huifuma kwa rangi anazozipenda. Mwaka 2015, kwa mfano, ilikuwa kofia yenye picha za kondoo kuzunguka pande zote. Basi mgeni akipanda meli kule Aberdeen jioni, kwa safari ya usiku kucha hadi mji wa Lerwick, hutazama huku na huku na kuona kofia kama yake juu ya vichwa vya watu asiowafahamu. Mmoja ametoka Kanada, mwingine Denmark, mwingine ni mwenyeji anayerudi nyumbani kutoka hospitali ya bara. Hakuna haja ya kutambulishana sana.

Mchana wageni hujifunza kwa mafundi wa visiwani, wengi wao wakiwa wanawake wa makamo na wazee waliojifunza kwa mama zao. Jioni kuna vikao ambavyo wenyeji huviita kwa lahaja yao "makkin an yakkin", maana yake kufuma na kupiga soga. Jumapili, katika kumbi za vijiji, akina mama huandaa chai na keki walizooka wenyewe, na fedha inayopatikana husaidia kazi za kijiji au za hisani. Mgeni hukaribishwa kwenye meza ndefu pamoja na wavuvi, wafugaji na watoto. Humo ndimo anamosikia habari za maisha ya watu ambazo hazimo katika kitabu cha watalii.

Nao wenyeji wamefaidika kwa namna ambayo hawakuitazamia. Mwaka 2010, mwaka ule ule tamasha lilipoanza, mafunzo ya kufuma yaliyokuwa yakitolewa katika shule za visiwa yaliondolewa kwa ajili ya kubana matumizi. Ilionekana kama ujuzi utakufa pamoja na bibi. Lakini watoto walipoona watu wakisafiri kutoka ng'ambo ya dunia ili kujifunza kile ambacho nyanya zao hukifanya kando ya moto, walianza kukitazama kwa jicho jingine. Tangu mwaka 2014 wako watu wazima wanaojitolea kuwafundisha watoto kufuma. Mgeni alikuja, na kweli mwenyeji akapona.

Kisiwa Ambako Wanaume Hufuma

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi. Nchini Peru kuna Ziwa Titicaca, ambalo maji yake yako mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Ndani yake kuna kisiwa kidogo, Taquile, chenye wakazi kama 2,000 wanaozungumza Kiquechua. Kukifikia kutoka mji wa Puno ni safari ya saa kadhaa kwa mashua.

Huko Taquile wanaofuma kwa sindano ni wanaume! Wavulana hufundishwa wangali wadogo, na kila mwanamume hujifumia kofia ndefu yenye ncha ininginiayo. Kofia hiyo ni cheti chake: nyekundu tupu ni ya mtu aliyeoa, na yenye sehemu nyeupe juu ni ya kijana asiyeoa. Waongozaji wa wageni husimulia kwamba mkwe mtarajiwa humwagiwa maji ndani ya kofia aliyoifuma, ili baba wa msichana aone kama imebana vizuri. Wanawake nao husokota sufu na kufuma mishipi mipana ambayo michoro yake huonyesha majira ya mwaka: wakati wa kulima, wa kupanda, wa kuvuna, na wa sikukuu. Mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza ufundi wa Taquile kuwa urithi wa binadamu wote.

Hebu fikiria mgeni mwanamke anayefika hapo na sindano zake. Wanaume walioketi uwanjani wakifuma wanamwona naye akifuma. Kwao hilo ni jambo la kuchekesha kidogo, kama sisi tungemwona mwanamume mgeni akitwanga kinuni. Wanamwita aje. Wanatazama uzi wake usiopita shingoni. Wanamwonyesha. Sasa mgeni ni mwanafunzi, na mwenyeji, ambaye huenda hakusoma shule nyingi, ni mwalimu. Mabadiliko hayo ya viti yana thamani kubwa. Mara nyingi mgeni kutoka nchi tajiri huja kama mtu anayejua, anayetoa, anayesaidia. Akishika sindano mbele ya fundi wa Taquile, hugundua kwamba hajui kitu.

Lakini Taquile inatufundisha jambo jingine ambalo si tamu. Wageni walipoanza kufika miaka ya 1970, wakazi walijipanga vizuri. Mashua zilikuwa zao, wageni walilala katika nyumba za familia kwa zamu, na kazi za mikono ziliuzwa katika duka la ushirika kwa bei isiyobadilika, ili jirani asimpunguzie bei jirani yake. Baadaye makampuni ya utalii ya mjini yalichukua sehemu kubwa ya biashara ya usafiri. Wageni wengi sasa huletwa asubuhi, hupewa chakula cha mchana, hukaa saa chache na kuondoka. Fedha nyingi hubaki mjini. Mgeni anayekubali kulala kisiwani usiku mmoja au mbili, akafuma na wenyeji, hurudisha sehemu ya faida mahali pake, kwa kuwa chakula na malazi analipa kwa familia yenyewe.

Nasi Pia Ni Wenyeji

Tusizungumze kana kwamba ugeni ni wa ng'ambo tu. Nchi zetu za Afrika Mashariki hupokea wageni wengi kila mwaka, na wengine wao ni wanawake wanaopenda kazi za mikono. Tuna nini cha kuwaonyesha?

Tuna viondo vya Machakos, Kitui na Makueni, ambavyo nyuzi zake husokotwa kwa kiganja juu ya paja na kupakwa rangi. Hapo kale vilisukwa kwa nyuzi za magome ya miti, hata mbuyu. Mkonge tunaoutumia leo nao ulikuja kama mgeni: uliletwa Tanga mwaka 1893 kutoka Amerika. Tuna mikeka ya Unguja na Pemba, ambayo akina mama husuka ukili mrefu barazani jioni, kisha wakaushona ukawa mkeka. Tuna vikapu vya Rwanda vyenye vifuniko vilivyochongoka, na tuna vitambaa vya makochi na mashuka ya kudarizi ambayo karibu kila nyumba inayo.

Mgeni akisimama kutazama, usikimbilie kumwuzia. Mpe kigoda. Mwekee uzi mkononi ajaribu. Atavunja, atapinda, na watoto watamcheka. Hapo atajua kwa vidole vyake kwamba kikapu alichodhani ni cha siku moja ni kazi ya wiki nzima au zaidi. Baada ya hapo bei haitamshtua tena.

Bei na Heshima

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Anayefuma kwa kujifurahisha na anayefuma ili apate karo ya watoto hawako mahali pamoja, hata kama sindano zao zinafanana. Mgeni aliye mfumaji ana wajibu mkubwa kuliko mgeni mwingine, kwa sababu yeye anajua. Anajua sweta ya rangi nyingi huchukua muda gani. Anajua shela ya nyuzi nyembamba huumiza macho namna gani. Akisimama mbele ya mama mwenzake akitaka apunguziwe nusu ya bei, anafanya kama yule mfanyabiashara wa Shetland aliyelipa chai mahali pa unga.

Kuna na suala la michoro. Katika jamii nyingi mchoro una wenyewe. Si vema kupiga picha kila kazi, kurudi kwako, kuiga na kuuza kana kwamba ni ubunifu wako. Uliza kwanza. Ukiruhusiwa, taja ulikojifunza. Kujifunza ni jambo jema, maana ufundi huishi kwa kupokezana, lakini aliyekufundisha asibaki maskini huku wewe ukistawi kwa mkono wake.

Mtume Paulo alipofika Korintho alikuwa mgeni asiye na nyumba. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinatuambia kwamba alikutana na Akila na mkewe Prisila, ambao nao walikuwa wageni waliofukuzwa Roma. Jambo lililowaunganisha kwanza lilikuwa kazi ya mikono: wote walikuwa mafundi wa mahema. Akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Tangu hapo wakawa marafiki wa maisha. Tuangalie kwamba Paulo hakukaa bure. Alishika kazi kama wenyeji wake. Mgeni anayeshika kazi hamlemei mtu.

Kabla Hujafunga Sanduku

Ikiwa wewe, au jamaa yako, mnatazamia safari, mashauri haya yanaweza kuwafaa.

Chukua kazi ndogo na nyepesi. Soksi, kofia ya mtoto au kitambaa cha kroshia hutosha katika mkoba. Blanketi kubwa liache nyumbani. Kazi isiwe ngumu mno, ili uweze kuzungumza na kutazama watu.

Uliza habari za ndege mapema. Nchi nyingi huruhusu sindano za kufumia ndani ya ndege, lakini sheria hazifanani, na mkaguzi wa uwanjani ana neno la mwisho. Sindano za mianzi au za plastiki hazileti wasiwasi sana. Mkasi uweke katika sanduku linalokwenda chini. Na usiende na kazi uliyoifanyia miezi mingi, isije ikachukuliwa ukabaki unalia.

Tafuta mahali wanawake wanapokusanyika. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kuna vikundi vya kufuma vinavyokutana katika maktaba, makanisa na maduka ya nyuzi, mara nyingi bila malipo. Muuza nyuzi atakwambia siku na saa. Ikiwa lugha ni ngumu kwako, hapo ni mahali pazuri pa kujifunza, kwa kuwa maneno yale yale hurudiwa: uzi, rangi, ndefu, fupi, mjukuu, baridi.

Beba zawadi ndogo ya kwenu. Vipande vya kitenge vya kushonea, shanga, au kikapu kidogo cha ukili huzaa maswali mengi. Mwenzako atataka kujua kimesukwaje, nawe utakuwa mwalimu.

Nunua uzi wa mahali ulipo. Sweta uliyoifuma kwa sufu ya Shetland au pamba ya Misri itakukumbusha watu kila unapoivaa. Tena fedha yako inamfikia mfugaji au mkulima.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kaa kwanza, fuma, zungumza. Picha itakuja yenyewe, na huenda mwenyeji ndiye atakayeiomba.

Timiza ahadi. Wasafiri wengi huahidi kutuma picha, barua au kielelezo, kisha husahau. Ukiandika anwani ya mtu, mwandikie. Mama wa kijijini huweza kungoja barua hiyo mwaka mzima.

Mgeni wa Mtaa wa Pili

Huenda unasoma haya nawe huna safari yoyote. Mume ni mwalimu, watoto ni watano, na nauli ya kwenda wilayani tu ni mzigo. Hata hivyo jambo hili linakuhusu, kwa maana wageni wako karibu nawe. Yuko mama mkimbizi kutoka Burundi au Kongo ambaye hana ndugu mtaani. Yuko mke wa mfanyakazi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, ambaye hajui lugha ya majirani. Yuko msichana aliyeolewa juzi mbali na kwao, na mavyaa bado hajamzoea.

Mama kama huyo ukimwalika aje kuzungumza, huenda akaona haya. Ukimwambia, "Dada, njoo unionyeshe namna unavyosuka kikapu hiki," atakuja. Atakuja kwa sababu umemwambia kwamba anacho kitu ambacho wewe huna. Vikundi vingi vya akina mama katika makanisa na mitaa tayari vinakutana kushona na kufuma mara moja kwa juma. Je, katika kikundi chenu mna kiti kwa ajili ya mgeni? Na siku akija, mtamfundisha tu ninyi, au mtamwacha naye awafundishe?

Juma hili, kabla ya kukutana, chagueni mmoja wenu apite kumwalika. Mwambieni aje na kazi yake, na kama hana uzi, mpelekeeni.